Kisigino ndani ya kiatu: Mama, tia mukono kwanza



Siku ya kupima watoto munajua desturi yetu. Tunatia mutoto kwenye kilo, tunatazama macho na tumbo, tunaomba karti ya chanjo. Yule mutoto mukubwa aliyekuja kusindikiza mudogo wake anabaki kwenye benchi, na hakuna mutu anayemuuliza neno. Leo ninaomba tumutazame yule wa kwenye benchi, na tuanzie chini, kwenye kisigino.

Mwaka mumoja, mwishoni mwa mwezi wa 9, mama mumoja alituletea kijana wake wa miaka 9 kwa sababu ya homa. Alidhani ni malaria. Tulipima damu, malaria haikuonekana. Nilipomulaza kijana nikamupapasa, nikakuta mutoki, ule uvimbe wenye kuuma kwenye shina la paja. Mutoki hauji bure. Unasema: tafuta chini, kuna kidonda. Lakini kijana alikuwa anafunika muguu wake kwa shuka. Nilipofunua niliona soksi imegandamana na ngozi. Ilitubidi kuilowesha kwa maji safi ya vuguvugu mpaka ikaachia yenyewe. Chini yake kulikuwa kidonda chenye upana wa kifuniko cha chupa, chenye usaha, na ngozi ya pembeni ilikuwa imevimba na kuwa na moto.

Mama yake akapiga mikono: "Wewe, juu ya nini hukuniambia?"

Kijana akajibu polepole: "Mama, ulisema viatu vilikula feza ya mbuzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbuzi aliuzwa, viatu vyeusi vya masomo vikanunuliwa, numero mbili zaidi kusudi vimalize miaka miwili. Kila asubuhi mutoto alipanda mulima navyo, na muchana akatelemuka navyo. Siku ya kwanza kisigino kilichoma. Siku ya pili kulikuwa lengelenge, yaani pofu lenye maji. Siku ya tatu likapasuka. Akatia jani, na juu yake karatasi ya daftari, akavaa soksi, akaenda. Mwalimu alimuona akichechemea akadhani ni uvivu. Hakumuambia mutu, kwa sababu alijua bei ya viatu. Watoto wanasikia kuliko tunavyofikiri.

Alilala kwetu siku 11. Alipona, na leo anatembea vizuri. Feza iliyolipwa kwa dawa ilipita bei ya viatu. Simulaumu yule mama. Mimi mwenyewe nilimununulia binti yangu wa kwanza viatu vikubwa kwa kufikiri vilevile, na mimi ndiye ninayefundisha wengine!

Kwa sababu gani kisigino?

Shika kisigino chako sasa, hapo ulipokaa. Chini yake, pale unapokanyaga, ngozi ni nene na ndani kuna mafuta mengi kama mutо wa kulalia. Pale panaweza kubeba mwili wako wote na ndoo ya maji juu ya kichwa. Sasa panda na vidole vyako nyuma, pale ukuta wa kiatu unapogusa. Ngozi ni nyembamba. Mara moja unakuta mufupa, na juu kidogo unakuta ule mushipa munene wenye kuunganisha nyama ya mundi na kisigino. Hapo hakuna muto. Ni ngozi, kisha mufupa.

Watu wengi wanafikiri kiatu kinakwangua ngozi kwa juu kama vile kisu kinakwangua muhogo. Mara ingine ni hivyo, kama kiatu kina ukingo mukali. Lakini mara nyingi lengelenge linatoka kwa njia ingine. Weka kidole juu ya mugongo wa mukono wako, bonyeza, kisha sogeza kidole mbele na nyuma bila kukiachilia. Unaona ngozi inabaki na kidole, lakini mufupa wa chini unakwenda peke yake? Ndivyo inavyofanyika ndani ya kiatu. Kiatu na soksi vinashika ngozi, mufupa unapanda na kushuka katika kila hatua. Ngozi iliyo katikati inavutwa huku na huku, mara elfu na elfu mpaka masomo. Mwishoni tabaka ya juu inaachana na tabaka ya chini, na maji ya mwili yanajaa katikati.

Munajua maharagi yaliyolala ndani ya maji usiku kucha. Ukiyasugua kidogo tu kati ya mikono, ngozi inatoka. Yakiwa makavu, sugua mpaka kesho, hayatoki. Ngozi ya muguu ni vilevile. Muguu wenye jasho au wenye kulowana na mvua unatoka malengelenge upesi kuliko muguu mukavu. Na masomo yanafunguliwa mwezi wa 9, wakati katika majimbo yetu mengi mvua inarudi. Viatu vipya, ngozi iliyozoea mapumziko bila viatu, na maji: vyote vinakutana katika juma moja.

Basi neno la kushika ni hili: kisigino kinaumia kwa sababu kinacheza ndani ya kiatu. Kukilinda si kwanza kutafuta dawa ya kupaka. Ni kukifanya kikae kimya na kukiweka kikavu.

Kiatu kikubwa si akiba

Tunaogopa viatu vya kubana, na tuna haki. Lakini kiatu kikubwa tunakisifu. "Atakua humo!" Ndiyo, mutoto atakua, lakini kisigino chake kinaishi leo.

Tufanye hesabu ndogo. Zile numero tunazozoea sokoni, 28, 30, 35, ni za kipimo cha Ufaransa. Kutoka numero moja mpaka ile inayofuata kuna theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 7. Ukiongeza numero mbili umeongeza zaidi ya milimita 13. Na kiatu chenye kutosha kinakuwa tayari na nafasi ya sentimita 1 hivi mbele ya kidole kirefu, kwa sababu muguu unasogea mbele wakati wa kutembea. Basi yule kijana wetu alikuwa na zaidi ya sentimita 2 za bure ndani ya kiatu chake. Kila alipotelemuka, muguu uliteleza mbele. Kila alipopanda, kisigino kilitoka juu. Hakuna ngozi yenye kuvumilia hiyo.

Muguu wa mutoto wa masomo unaongezeka karibu sentimita 1 kwa mwaka, wengine zaidi, wengine chini ya hiyo. Kwa hiyo nafasi ile ya sentimita 1 ndiyo akiba yako. Inatosha miezi mingi. Miaka miwili ni ndoto, hata ukinunua kiatu cha baba yake.

Namna ya kupima bila kumupeleka mutoto sokoni ni hii. Umupime saa za jioni, kwa maana miguu inavimba kidogo kwa kutembea muchana. Asimame wima, kisigino chake kiguse ukuta, uzito wote juu ya miguu. Weka kijiti chini pembeni ya muguu, kianzie kwenye ukuta. Tia alama mbele ya kidole kirefu (si kwa wote ni kidole kikubwa), kisha ongeza upana wa kidole chako kidogo, na ukate. Pima miguu yote miwili, kwa sababu kwa watu wengi mumoja ni murefu kuliko mwenzake, na ufuate ule murefu. Nenda sokoni na kijiti chako, ukiingize ndani ya kiatu. Kikikataa kuingia, kiatu ni kidogo. Kikicheza sana mbele na nyuma, ni kikubwa. Muuzaji akikucheka, mwache acheke. Si yeye atakayelala na mutoto wa homa.

Mutoto akiwa pamoja nawe, ni vizuri zaidi. Avae kiatu na soksi yake ya masomo. Agonge kisigino chini mara mbili kusudi kiingie nyuma kabisa, kisha funga kamba. Atembee, achuchumae, apande ngazi kama iko. Wewe tazama nyuma tu. Kidole chako kidogo kikiingia kwa urahisi kati ya kisigino na ukuta wa kiatu, rudisha.

Tia mukono ndani

Mbele ya kulipa, tia mukono ndani ya kiatu, pitisha vidole kwenye ukuta wa nyuma polepole, kutoka juu mpaka chini. Macho hayaoni kitu mule, vidole vinaona. Tafuta mushono wenye kuvimba, ngozi iliyokunjamana, gundi iliyokauka ikawa kama jiwe, ncha ya musumari. Kile kinachokwaruza kidole chako kidogo kitafanya nini juu ya kisigino kwa kilomita tatu?

Kwa viatu vya mitumba, kuna neno moja zaidi. Bonyeza ukuta wa nyuma kwa kidole gumba. Katika kiatu kizuri ukuta huo ni mugumu kidogo na unarudi mahali pake, kwa sababu fundi alitia kipande kigumu kati ya ngozi ya nje na ya ndani. Kazi yake ni kushika kisigino kisiyumbe. Lakini mutu wa kwanza aliyekivaa labda alizoea kukanyaga nyuma na kukiburuta kama kandambili. Hapo kile kipande kimevunjika. Ukikisimamisha tena kinaonekana kizima, lakini ndani kuna kunjo lenye kukata kama ukingo wa kopo. Kiatu kama hicho usinunue hata kwa bei ya ndizi. Na nyumbani wakatazeni watoto kukanyaga nyuma ya viatu. Ni tabia ndogo, nao wanaipenda, hasa wenye haraka ya kwenda kucheza mupira. Inaharibu kiatu chenye afya kwa siku chache.

Kama viatu vimekwisha kununuliwa

Mama wengi wataniambia: "Munganga, maneno yako ni mazuri, lakini feza imekwisha kutoka." Najua. Basi tusaidie kile kilicho nyumbani.

Watu wanazoea kujaza vitambaa kwenye ncha ya kiatu kikubwa. Hiyo inasaidia kidogo tu, kwa maana juu ya muguu pangali wazi na kisigino kinaendelea kupanda. Tena kitambaa kikijaa sana kinasukuma muguu nyuma kwa nguvu, na vidole vinakosa nafasi. Afadhali mambo mawili haya. Kwanza, kata soli ya ndani nyembamba yenye urefu wote wa kiatu, kwa kartoni ngumu iliyofunikwa na kitambaa, au kwa mupira mwembamba laini. Isiwe nene, kwani kisigino kitainuka mpaka kitoke juu ya ukuta. Pili, shona kipande cha blanketi nzee chini ya ulimi wa kiatu, yaani ule ukanda ulio chini ya kamba. Kamba zikifungwa, blanketi inasukuma muguu nyuma taratibu, na kisigino kinakaa mahali pake. Mafundi wa viatu wanaijua kazi hii, na bei yake ni ndogo.

Kuna na namna ya kufunga kamba. Kama kiatu kina matundu ya kutosha, ukifika kwenye tundu la mwisho la juu usivuke upande wa pili. Ingiza kamba katika tundu la juu la upande uleule, uache kitanzi kidogo. Fanya hivyo upande mwingine. Sasa pitisha ncha ya kuume ndani ya kitanzi cha kushoto, na ncha ya kushoto ndani ya kitanzi cha kuume, vuta, kisha funga kama siku zote. Kamba inashika kifundo, na kisigino hakipandi tena. Nilijifunza kwa mutu mumoja aliyezoea kupanda milima, nikacheka kwamba ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Nilipojaribu na viatu vyangu vya kazi sikucheka tena.

Kama ukuta wa nyuma unakwaruza, peleka kwa fundi aubandike ngozi laini ndani. Lakini muambie apunguze kingo za ile ngozi kwa kisu mpaka ziwe nyembamba kama karatasi, zisifanye ngazi. Nimeona kisigino kilichoumizwa na dawa yenyewe, kwa maana fundi alibandika kipande kinene na kuacha ukingo wake katikati ya mufupa. Na gundi ikauke kabisa mbele ya kuvaa.

Kiatu kipya kigumu kivaliwe nyumbani kwanza, nusu saa, kesho saa moja, kesho kutwa zaidi. Siku ya kufungua masomo isiwe siku yake ya kwanza. Ngozi ngumu ya nyuma unaweza kuikunjakunja kwa vidole na kuipaka mafuta ya viatu ili ilainike. Wengine wanapaka vazelini juu ya kisigino. Kwa safari fupi inasaidia. Kwa safari ndefu inaisha, soksi inalowa mafuta, na musuguano unarudi. Afadhali sparadra iliyobandikwa juu ya ngozi kavu na nzima, bila kunjo hata moja, mbele ya kuondoka.

Soksi nazo! Soksi yenye tundu kwenye kisigino ni mbaya, lakini soksi iliyoshonwa vibaya ni mbaya kuliko hiyo. Ukishona, nyuzi zilale sawasawa kama mukeka, wala usifanye fundo. Soksi kubwa inajikunja chini ya kisigino, na kunjo hilo ni kama kamba. Zifuliwe kila siku kama inawezekana. Mutoto mwenye jozi mbili ni tajiri: moja muguuni, moja juani.

Kiatu kilicholowa kisikaushwe karibu na moto. Ngozi inakauka kama ubao, inapasuka, na asubuhi kisigino kinaipokea. Tosha kamba, jaza magazeti makavu ndani, weka pahali penye upepo, badilisha magazeti yakilowa.

Basi aende bila viatu?

Bibi mumoja aliniuliza hivyo katika kilinike: "Sisi tulikua bila viatu, na visigino vyetu ni hivi hapa." Akaonyesha, na kweli vilikuwa vigumu kama gome. Mutoto mudogo anayeanza kutembea ndani ya nyumba safi hana haja ya viatu. Kutembea bila viatu kunafaa miguu yake. Lakini nje, karibu na vyoo na mashamba, kuna minyoo ya safura yenye kuingia kwa ngozi ya muguu na kunyonya damu. Kuna miiba na vipande vya chupa. Kuna funza pia. Mududu huyu hakuwa wa Afrika. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akasambaa upesi katika inchi nyingi za Afrika, na kisigino ni moja ya pahali anapopenda. Mbele ya kuvalisha mutoto kiatu, tazama kama hakuna doa jeusi lenye kuwasha. Funza akifungiwa ndani ya soksi yenye jasho, kidonda chake kinaoza upesi.

Lengelenge limekwisha kutoka

Kama ni dogo na zima, usilipasue. Ile ngozi ya juu ni bandeji bora kuliko ile tunayouza. Maji ya ndani yatarudi mwilini yenyewe, na ngozi mpya itakua chini yake. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa kompresi safi. Mutoto asirudishe kisigino kile ndani ya kiatu kilekile mpaka ngozi ipone. Ninajua masomo yanadai viatu vyeusi vya kufunga. Nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu, muombe siku chache za sandali. Mwalimu akiona kidonda kwa macho yake, mara nyingi anakubali.

Likipasuka lenyewe, osha kwa maji yaliyochemuka na kupoa, na sabuni. Usikate ngozi iliyobaki, ilaze pahali pake ifunike. Badilisha kitambaa kila siku, na kila kinapolowa. Usitie mavi ya ng'ombe, majivu, dawa ya meno, unga wa pile ya redio, wala majani yaliyotafunwa. Vitu hivi vinaleta uchafu, na katika mavi na udongo kuna mbegu ya pepopunda. Pepopunda inaingia hata kwa kidonda kidogo. Munajua chanjo ya mutoto ya majuma 6, 10 na 14: ndani ya shindano lile kuna kinga ya pepopunda pia. Lakini kinga hiyo inapungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo leta karti tuitazame, hata ya yule mukubwa wa kwenye benchi. Nanyi mama, zile shindano tano zenu zilindeni.

Njooni upesi, siku ileile, mukiona wekundu unaenea au ngozi ya kisigino ina moto, usaha, mustari mwekundu wenye kupanda muguuni, mutoki, homa, au mutoto anakataa kukanyaga.

Kisigino kisichosikia

Hapa ninataka tukae kidogo, kwa maana yule kijana, pamoja na ukimya wake wote, alikuwa na rafiki mumoja: maumivu. Yalimufanya achechemee. Kuna watu katika nyumba zetu ambao hawana rafiki huyo.

Mugonjwa wa ukoma, kama mishipa ya kusikia imeharibika, anaweza kutembea siku nzima na jiwe ndani ya kiatu bila kujua. Mutu wa sukari wa miaka mingi vilevile. Zamani watu walisema nyama ya mwenye ukoma inaoza yenyewe. Munganga Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na aliyeanza kazi katika hospitali ya Vellore mwaka 1946, alionyesha na wenzake kwamba sivyo. Vidonda vile vinatoka kwa kubanwa, kusuguliwa na kuungua pahali ambapo mutu hasikii, na kiatu kizuri kinavizuia. Yeye mwenyewe alipata hofu hiyo. Katika miaka ya 1950, akiwa London baada ya safari ndefu, usiku alitosha soksi akagundua kisigino chake hakisikii kitu. Akachoma kwa shindano, hakusikia. Usiku kucha alijua moyoni kwamba ameshikwa na ukoma. Asubuhi akajichoma tena, na akapiga kelele: alisikia uchungu! Ilikuwa ni mushipa uliobanwa kwa kukaa sana katika treni, tena alikuwa na homa. Tangu siku ile alishukuru kwa kila maumivu ya muguu.

Kama nyumbani kuna mama-mukwe au mujomba mwenye sukari, au mutu aliyepona ukoma lakini miguu haisikii, msaidieni kila jioni. Yeye mwenyewe hawezi kuona nyuma ya kisigino chake. Mutoto mwenye macho mazuri atazame, au tumieni kioo. Pahali pekundu penye moto ndipo kidonda kinapotaka kutoka, na kiatu kile kipumzishwe. Mbele ya kuvaa, viatu vikung'utwe na mukono upite ndani, mukono wenye kusikia. Viatu vyao vishonwe au vibandikwe, visipigwe misumari. Sandali iwe na ukanda wa nyuma wenye kushika kisigino, mupana na laini. Kandambili hazifai, muguu usiosikia unazipoteza njiani. Na musiwape maji ya moto ya kuosha miguu bila mutu mwingine kuyapima kwa kiwiko.

Ukoma haujaisha katika inchi yetu, lakini unapona. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linashauri dawa mbalimbali pamoja, siku hizi kwa miezi 6 au 12, na mugonjwa hazilipi. Ukiona juu ya ngozi ya mutoto doa lisilosikia ukiligusa na pamba, usingoje lifike miguuni.

Nanyi wenye mimba

Miezi ya mwisho miguu inavimba, na viatu vya ibada vya mwaka jana vinakata nyuma. Musijilazimishe. Vaeni kiatu kipana chenye ukanda, au sandali, na muinue miguu mukikaa. Lakini kama uso na mikono vinavimba pia, kichwa kinauma sana, au macho yanaona giza au nyota, hayo si mambo ya viatu. Njooni siku ileile tupime tansio na mukojo, hata usiku.

Na yeyote atakayeleta mutoto mwenye kidonda cha kisigino, alete na kile kiatu chake, hata kama kina matope. Tutatia mukono ndani pamoja.